Ndege Hawaji Bustanini: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Nafaka

Wengi wanaotaka ndege wa porini wafike kwenye bustani zao huanza kwa kumwaga nafaka. Katika ukanda wa pwani ya Tanzania, kuanzia Tanga hadi Mtwara pamoja na visiwani, hatua hiyo mara nyingi huleta kunguru, panya na manung'uniko ya jirani kabla haijaleta ndege yeyote aliyetarajiwa. Sababu ni kwamba katika mazingira yenye nyasi zinazotoa mbegu, wadudu tele na miti ya matunda karibu kila mtaa, chakula si kitu ambacho ndege hukikosa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ndege anayepita juu ya uwanja hutazama kwanza kama pana mahali pa kukimbilia akishtuka, kama pana maji, na kama pana adui. Chakula huja baada ya hayo. Kwa hiyo maelezo yafuatayo yanaanzia kwenye dalili inayoonekana, yanarudi nyuma hadi kwenye chanzo, na yanapendekeza rekebisho moja kwa wakati mmoja, kwa kuwa anayebadilisha mambo manne kwa pamoja hatajua ni lipi lililomsaidia. Mifano mingi ni ya pwani. Anayeishi Arusha, Moshi au nyanda nyingine za juu atakuta ndege na miti tofauti, lakini utaratibu wa kuchunguza ni ule ule.

Uwanja hauna ndege kabisa, au wapo wachache wanaopita tu

Kabla ya kulaumu bustani, chunguza saa unayoitazama. Ndege wengi wa bustanini hushughulika kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kisha hutulia kivulini wakati wa joto na kurudi tena baada ya saa kumi jioni. Mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, akaitazama bustani yake Jumapili saa saba mchana pekee, atasema kwa haki kabisa kwamba hakuna ndege, ilhali wapo na wamekwisha kula na kuondoka.

Ikiwa hata asubuhi hakuna kitu, tazama umbo la uwanja wenyewe. Nyumba nyingi mpya za mijini zina ukuta mrefu, vitofali vya zege vilivyofunika ardhi yote, ukoka uliokatwa hadi karibu na udongo, na mti mmoja au miwili iliyonyolewa ikawa mviringo. Uwanja wa namna hiyo ni safi na unapendeza machoni mwa wageni, lakini kwa ndege mdogo ni uwanda mtupu usio na pa kujificha kipanga akitokea. Ndege hupenda mimea ya ngazi mbalimbali: nyasi na majani ya chini, vichaka vya kimo cha mtu, kisha miti. Ngazi inayokosekana mara nyingi ni ile ya kati, na ndiyo iliyo rahisi kuirejesha. Ua wa michongoma, ambao wazee walioupanda walikuwa wakifikiria wezi na mbuzi, ni miongoni mwa zawadi kubwa ambazo bustani ya pwani inaweza kumpa ndege, kwa sababu miiba yake humzuia paka, matawi yake yaliyosongamana huficha kiota, na matunda yake huliwa na shore, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia ambaye huwa wa kwanza kulia alfajiri. Bogenvilia nayo hutoa hifadhi nzuri ya miiba, ingawa wingi wa rangi zake usikudanganye kuhusu asali, kwani kile kinachoonekana kama petali ni majani yaliyobadilika rangi na ua lenyewe ni kijibomba kidogo katikati. Mvinje unaopukutisha sindano zake chini hausaidii sana. Lantana, hata kama ndege wanapenda vitunda vyake vyeusi, usiipande: ndege hutawanya mbegu zake, hugeuka magugu yasiyong'oleka kirahisi, na majani yake huwadhuru mifugo.

Chanzo cha pili ni ufagio. Desturi yetu ya kufagia uwanja kila asubuhi hadi mistari ya ufagio ionekane kwenye mchanga huondoa majani makavu ambamo wadudu, minyoo na konokono huishi, na kwa hiyo huwaondoa ndege wanaotafuta riziki kwa kuchakura ardhini. Sipendekezi mtu aache kufagia mbele ya nyumba, kwa kuwa hofu ya nyoka si ya kupuuzwa. Kinachotosha ni kuacha majani yajikusanye chini ya mti mmoja ulio mbali na mlango na dirisha, kwa tabaka jembamba na si lundo refu. Chanzo cha tatu ni dawa ya kuua wadudu inayopulizwa kila mwezi kwenye maua na kuta. Hata ndege wanaokula mbegu wakiwa wakubwa, kama mnana (yule ndege anayesuka viota) na shomoro, huwalisha makinda wao wadudu katika siku za mwanzo. Uwanja usio na kiwavi hata mmoja hauwezi kulea kinda.

Kuna wanaofikiria njia ya mkato ya kununua ndege wa kwenye tundu na kuwafungulia bustanini. Haifai. Ndege hao hukamatwa porini, wengi hufa kabla ya kufika sokoni, na wanaoachiwa mahali wasipopajua huruka na kupotea siku hiyo hiyo. Isitoshe, kukamata na kumiliki ndege wa porini nchini Tanzania kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Baada ya marekebisho, subira inahitajika. Kichaka kilichopandwa mwanzoni mwa masika huanza kuwa na maana kwa ndege msimu mmoja au miwili baadaye, wakati chombo cha maji kinaweza kupata wageni ndani ya wiki chache.

Kunguru wamewafukuza wengine wote

Hili ndilo tatizo kubwa la pwani, na halina dawa ya siku moja. Kwanza hakikisha ni kunguru yupi. Kunguru wa asili ana kifua cheupe na kola nyeupe shingoni, ni mkubwa, na kwa kawaida hafiki kwa makundi makubwa kwenye bustani ndogo. Kunguru wa India ni mwembamba zaidi, ana shingo na kifua cha rangi ya kijivu, na hana haya. Huyu aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha takataka za mji, akazaliana, akavuka bahari na kuenea katika miji ya pwani ya Tanganyika na Kenya. Hula mayai na makinda wa ndege wengine, huwasumbua hata ndege wakubwa kwa kuwashambulia kwa pamoja, na huishi vizuri popote binadamu anapotupa mabaki ya chakula. Tatizo limekuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja.

Mwenye bustani hawezi kushindana na idadi hiyo, lakini anaweza kuufanya uwanja wake usiwe na faida kwao. Chunguza kwanza pipa la taka, kwa kuwa kunguru huja kwa sababu ya jikoni kabla hajaja kwa sababu ya bustani. Pipa lisilo na mfuniko, maganda ya mihogo na vichwa vya samaki vilivyotupwa kwenye shimo la wazi, bakuli la mbwa lenye ugali na dagaa lililoachwa nje mchana kutwa: hivyo ndivyo vinavyowaita. Ukivifunga vyote kwa muda wa wiki kadhaa, idadi hupungua hata kama haiishi. Pili, acha kabisa kuwawekea ndege mkate, wali na mabaki ya nyama. Chakula hicho huwafaa kunguru kuliko ndege wengine wote, na chumvi iliyomo huwadhuru wadogo.

Tatu, kama bado unataka kuweka nafaka, izungushie waya wa wavu wenye matundu ya upana wa sentimita nne hivi, ili ndege wadogo wapenye na kunguru abaki nje. Njiwa na tetere nao watabaki nje, na hiyo ni gharama ya kukubali. Wao huokota punje zinazodondoka chini. Nne, kagua miti mirefu, hasa miembe, mapema kabla mayai hayajatagwa. Kiota cha kunguru wa India ni rahisi kukitambua kwa sababu mara nyingi huchanganya vijiti na vipande vya waya. Kiondolewe kingali kinajengwa, na ajitokeze mtu anayejua kupanda mti, akiwa amevaa kitu kichwani, kwa sababu wenye kiota hawatamtazama kimya kimya.

Usiwawekee sumu kwa mkono wako. Nyama au nafaka yenye sumu haichagui, na anayekufa kwanza huenda akawa mbwa wa jirani, kuku wako mwenyewe, au mwewe. Kazi ya sumu maalumu ya kunguru, pale inapoamuliwa, ni ya mamlaka zenye utaalamu na vibali.

Maji yamewekwa lakini hayaguswi

Kama ningelazimika kuchagua kitu kimoja tu cha kuweka bustanini, ningechagua maji na kuacha nafaka, kwa sababu maji huwaleta hata ndege wasiokula mbegu kabisa. Hata hivyo vyombo vingi vya maji hukaa bila mgeni, na mara nyingi kosa ni kina. Beseni la plastiki lenye maji ya sentimita kumi na tano ni kisima kwa ndege mwenye miguu mifupi kuliko kidole cha mtoto. Kina kinachofaa ni kati ya sentimita mbili na tano, chenye ukingo unaoteremka polepole, na sakafu iwe na mkwaruzo ili kucha zishike. Kisahani kipana cha udongo kinachowekwa chini ya chungu cha maua hufaa kuliko vyombo vingi vya kununua. Kama chombo ulichonacho ni kirefu, tia mawe bapa mpaka mengine yachomoze juu ya maji.

Kosa la pili ni joto. Karai la bati lililowekwa juani huwa na maji ya moto ifikapo saa nne. Kiweke chombo kwenye kivuli cha kuhamahama, mita mbili au tatu kutoka kwenye kichaka: karibu kiasi kwamba ndege aliyelowa, ambaye huruka kwa shida, aweze kufika matawini, na mbali kiasi kwamba paka aliyejibanza kichakani asimfikie kwa mruko mmoja. Kosa la tatu ni ukimya. Maji yaliyotulia ndege huyakuta kwa bahati, lakini maji yanayodondoka huyasikia. Chukua chupa ya plastiki, itoboe kwa ncha ya sindano chini, ijaze, itundike juu ya kisahani na ulegeze kifuniko mpaka itoe tone moja moja. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayenyonya asali ya maua, na ndege wengine wadogo wa matawini aghalabu hawaingii kwenye chombo kabisa, bali huoga kwa kujisugua kwenye majani yaliyolowa. Ukinyunyizia maji kichaka chenye majani mapana wakati wa asubuhi utawaona.

Sasa kuna swali ambalo afisa afya wa mtaa atakuuliza, naye atakuwa na haki: mbu je? Jiji la Dar es Salaam lilikumbwa na milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeieneza hupenda hasa vyombo vidogo vya maji vilivyo karibu na nyumba. Katika joto la pwani yai huweza kuwa mbu mwenye mabawa kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo maji yamwagwe na kubadilishwa kila siku, au ikishindikana kila baada ya siku mbili, na kabla ya kutia mengine chombo kisuguliwe kwa brashi kuzunguka ukingo, kwa sababu mayai ya mbu huyo hunata kwenye kuta juu kidogo ya usawa wa maji na hustahimili kukauka. Kumwaga bila kusugua hakutoshi. Asiyekuwa na uhakika wa kulifanya hilo kila mara, au anayesafiri mara kwa mara, ni afadhali asiweke chombo cha maji, abaki na kumwagilia vichaka.

Nafaka haziliwi, au wanaokuja ni aina moja tu

Nafaka isiyoguswa baada ya masika si tatizo: nyasi zimejaa mbegu mbichi, na hakuna ndege anayeacha chakula kibichi akaja kula cha dukani. Jaribu tena nyasi zinapokauka. Nafaka isiyoguswa wakati wa kiangazi huashiria mahali pabaya au nafaka mbaya. Mahindi mazima ni makubwa mno kwa ndege wengi. Yaparaze, au tumia uwele, ulezi, mtama mweupe na chenga za mchele mbichi usiotiwa chumvi.

Inuse nafaka kabla ya kuiweka. Watu wengi huwapa ndege nafaka ambayo wao wenyewe wameikataa kwa sababu imeota ukungu, wakidhani ni njia ya kutotupa mali. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, sumu ile ile iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mwili mdogo wa ndege hauna uwezo wa kuistahimili. Weka kiasi kinacholiwa na kuisha kabla ya saa sita mchana. Kinachobaki usiku ni cha panya, na panya huleta kishawishi cha sumu ya panya, ambayo humfikia bundi anayemla panya aliyelegea. Najua bundi hana marafiki wengi kwetu na kwamba kulia kwake juu ya paa huhesabiwa kuwa habari mbaya. Ukweli wa mambo ni kwamba bundi anayelala darini hula panya usiku kucha bila malipo, na nyumba yenye bundi ina sababu ndogo ya kununua sumu.

Ikiwa shomoro na mnana wamejaza chombo na wengine hawapati nafasi, usiongeze chakula mahali pale pale, kigawe. Weka kiasi kidogo chini ya kichaka kwa ajili ya wanaokula ardhini kwa woga, na kingine juu. Hali nyingine inayowashangaza watu ni ya dume mmoja mweusi na mweupe, mdogo kuliko shomoro, mwenye mdomo mwekundu na mkia mrefu kupita kiasi, anayewafukuza ndege wote hata njiwa. Huyo ni fumbwe katika msimu wa kuzaliana. Ukali wake ni wa msimu, na vituo viwili vya chakula visivyoonana vinatosha kumshinda, kwani hawezi kuvilinda vyote. Matunda, kwa mfano kipande cha papai au ndizi iliyoiva sana kilichochomekwa kwenye kijiti, huleta kundi tofauti kabisa: shore, kwezi, na kuzumburu wenye mikia mirefu wanaoning'inia kama panya matawini. Wenye bustani za mboga wajue kwamba kuzumburu hula pia majani machanga na machipukizi, na akishazoea uwanja haombi ruhusa. Funika mche kwa wavu mapema.

Chozi hawaji ingawa maua ni mengi

Hapa chanzo mara nyingi ni aina ya maua. Chozi ana mdomo mrefu uliopinda na hunyonya asali, lakini kwa kawaida hapendi kuelea hewani kwa muda mrefu kama wafanyavyo ndege wavumaji wa Amerika. Hutua, hushika, ndipo akaingiza mdomo. Maua yanayomfaa ni yenye umbo la bomba na kikonyo kigumu cha kukalia. Mshubiri ni bora. Mwamba-ngoma, wenye maua mekundu yanayochanua mti ukiwa umepukutisha majani, ni bora zaidi kwa aliye na nafasi. Na kuna mmea ambao karibu kila uwanja unao na hakuna anayeuhesabu kuwa wa ndege: mgomba. Ua lake lililoning'inia mwishoni mwa mkungu hutoa asali kwa wingi kila tabaka linapofunguka, na maua ya mnazi nayo hutembelewa. Anayekata ua la mgomba mara tu ndizi zinapojipanga hana budi kujua kwamba amefunga duka. Acha mgomba mmoja na ua lake. Kwa upande mwingine, maua ya mapambo yaliyozalishwa yawe na petali nyingi zilizojikunja mara nyingi huwa na asali kidogo au isiyofikika.

Chanzo cha pili ni buibui. Chozi hula wadudu na buibui, huwalisha makinda wao wadudu hao, na hushona kiota chake kinachoning'inia kama kifuko kwa kutumia utando wa buibui. Nyumba inayofagiliwa utando wote, ndani na nje, kila Ijumaa, imemnyima chozi nyuzi. Ndani fagia upendavyo. Nje, acha utando ulio kwenye vichaka na chini ya mapaa ya nyuma. Usishangae ukikuta kiota kimetundikwa kwenye waya wa kuanikia nguo au taa ya barazani, kwa sababu ndege huyu hujenga karibu na watu.

Kuhusu maji ya sukari, maoni yangu ni kwamba ni kitu cha kushikizia tu wakati mimea inakua, kwa kuwa ua huleta asali na wadudu kwa pamoja ilhali chupa huleta sukari peke yake. Anayetumia achanganye sehemu moja ya sukari nyeupe na nne za maji, asitie rangi, asitumie asali ya nyuki, ambayo huchacha upesi na kuotesha ukungu, na abadilishe kila siku, kwani kwa joto la pwani mchanganyiko wa juzi umekwisha kuwa pombe. Chombo kiwe na kijiti cha kukalia. Sisimizi wakivamia, kitundike kwa waya uliopitishwa katikati ya kikombe kidogo cha maji. Usipake grisi mahali ambapo manyoya yanaweza kugusa.

Ndege wa rangi wametoweka ghafla

Wapo ambao hudhani ndege wao wameuawa au wameibwa, kumbe wamebadilisha mavazi. Madume ya fumbwe na baadhi ya mnana na chozi huwa na rangi kali wakati wa kuzaliana tu, kisha hunyonyoka na kuota manyoya ya kahawia yanayofanana na ya majike. Kabla ya kuhitimisha kwamba hawapo, tazama kama kuna ndege wa kahawia wengi kuliko zamani. Wengine huondoka kwa kweli. Mbayuwayu wanaokaa kwenye nyaya za umeme kuanzia Oktoba au Novemba hurudi Ulaya na Asia kuzaliana kufikia Aprili, na hakuna kitu cha kufanya bustanini kitakachowazuia.

Wanagonga vioo, au wanapigana navyo

Haya ni matatizo mawili tofauti. Ndege anayegonga dirisha kwa kasi na kuanguka hakuona kioo, aliona mti ulioakisiwa ndani yake. Nyumba zenye madirisha ya aluminiamu na vioo vinavyoakisi kama maji ndizo zinazoua zaidi. Sanamu moja ya mwewe iliyobandikwa katikati haisaidii. Kinachosaidia ni alama nyingi upande wa nje wa kioo, zilizoachana kwa sentimita tano hivi, iwe ni kwa utepe, rangi au mistari ya kipande cha sabuni. Aliyeanguka akiwa hai awekwe ndani ya boksi la karatasi lenye matundu ya hewa, gizani, bila kumnywesha maji kwa nguvu, kisha boksi lifunguliwe nje baada ya saa moja au mbili.

Ndege anayerudi kila asubuhi kudonoa kioo cha gari au dirisha lile lile hajapotea. Anapigana na dume mwingine asiyeondoka, yaani taswira yake. Vika kioo cha gari soksi au mfuko kwa wiki chache mpaka msimu wa kuzaliana upite.

Mnana wanachana minazi na viota vinabaki vitupu

Dume la mnana huchana ukanda mwembamba kutoka kwenye jani la mnazi, mkindu au mabingobingo na kusuka kiota, kisha hujining'iniza chini yake akipiga mabawa ili jike aje kukagua. Jike akikikataa, kiota hunyauka na dume hukibomoa au hukiacha na kuanza kingine. Kwa hiyo viota vitupu si dalili ya ugonjwa wala ya kishirikina. Majani hubaki na sura ya matambara, lakini mnazi wenye afya kwa kawaida huendelea kuishi. Mwenye kuona uchungu juu ya minazi yake apande mabingobingo pembeni ya uwanja, kwani mnana huyapenda. Usiangushe viota vyenye mayai; ngoja makelele ya makinda yaishe. Ukiona mnana akimlisha kinda asiyefanana naye hata kidogo, huenda ni wa kekeo, ambaye hutaga kwenye viota vya wengine. Muache, hata kama roho haitaki.

Ndege wamejikunyata na hawaruki

Ndege aliyevimbisha manyoya mchana, macho nusu yamefumba, na asiyeruka ukimsogelea, ni mgonjwa. Mikusanyiko kwenye vyombo vya chakula hueneza maradhi kwa njia ya kinyesi na mate, na njiwa hupata zaidi ugonjwa wa koo unaowafanya washindwe kumeza. Ondoa vyombo vyote vya chakula na maji kwa wiki mbili ili ndege watawanyike, vioshe kwa sabuni, kisha vitie kwenye mchanganyiko wa sehemu moja ya klorini ya kufulia kwa tisa za maji, visuuze na uvianike juani. Vinavyofanya kazi vioshwe kila wiki bila kungoja ugonjwa.

Anayefuga kuku wa kienyeji ana sababu ya ziada ya kuwa makini. Njiwa na ndege wengine wanaweza kubeba virusi vya kideri, na kuku wanaokula chombo kimoja nao wako hatarini. Pumba ya kuku iwekwe ndani ya banda, maji yao yawe mbali na kisahani cha ndege, na chanjo ya kideri ya matone ya jichoni irudiwe kila baada ya miezi mitatu hivi, kama mtaalamu wa mifugo atakavyoelekeza.

Paka, na kinda aliye chini

Manyoya yaliyotawanyika chini ya kichaka kila baada ya siku chache ni kazi ya paka, na mara nyingi ni paka wa nyumbani aliyeshiba. Mfungie ndani kati ya alfajiri na saa tatu na tena kuanzia saa kumi jioni. Ikiwa paka ni wa mtaani, inua chombo cha maji juu ya nguzo laini ya bomba na utandaze matawi ya mchongoma chini yake.

Kinda anayekutwa chini si lazima awe ameachwa. Mwenye manyoya kamili, mkia mfupi na miguu inayorukaruka ametoka kiotani kwa hiari yake, na wazazi wapo karibu wakisubiri uondoke. Mpandishe kwenye tawi la juu asikofika paka na uende zako. Asiye na manyoya arudishwe kiotani kama kinafikika, kwa kuwa si kweli kwamba mama humkataa kinda aliyeguswa na mkono wa mtu. Kiota kikiwa kimevunjika, funga kikapu kidogo chenye nyasi kavu kwenye tawi lile lile, mweke humo, na utazame kwa mbali kwa saa moja au mbili kama wazazi wanarudi na chakula.